Kupigwa mbele ya watoto, je, ni kosa la mama aliyepigwa?

SWALI: Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi New York. Mume wangu alinipiga watoto wakiwa wanatazama, nikaita polisi. Sasa ofisa wa ustawi wa watoto ananiambia kwamba huenda nikashtakiwa kwa kutelekeza watoto, kwa sababu niliendelea kuishi naye. Kosa langu ni lipi?

JIBU: Dada yangu, pole sana kwa yaliyokufika. Hofu yako ina msingi, maana kwa miaka mingi watoto wa jiji hilo walichukuliwa kwa hoja kwamba mama "ameruhusu" washuhudie kipigo alichopigwa yeye mwenyewe. Mwaka 2002 Jaji Jack Weinstein wa mahakama ya shirikisho aliona kuwa utaratibu huo unavunja katiba, na Oktoba 2004 Mahakama ya Rufani ya jimbo, katika shauri la Nicholson dhidi ya Scoppetta, ikaeleza sheria yenyewe inataka nini.

Kifungu cha 1012 cha Sheria ya Mahakama ya Familia kinataka ithibitishwe kwamba mtoto amedhurika, kimwili, kiakili au kihisia, au kwamba hatari ya kudhurika i karibu kumfika, na kwamba chanzo ni mzazi kushindwa kumpa kiwango cha chini cha matunzo. Ni kiwango cha chini, wala si matunzo yasiyo na dosari. Mahakama ilisema wazi kwamba mtoto kushuhudia kipigo, peke yake, hakutoshi.

Kuhusu kubaki kwako, hakimu anapaswa kujiuliza mzazi mwenye busara angefanya nini katika mazingira yako hasa: kuondoka kungekuletea hatari gani, kubaki je, kuomba msaada serikalini je, kipigo kilikuwa kikali na cha mara kwa mara kiasi gani, na ulikuwa na fedha au pa kwenda. Nalisisitiza hili kwa sababu wengi huona kuondoka ndiyo salama, ilhali mara nyingi mwanamke huwa hatarini zaidi wakati ule ule anapoondoka.

Kinga hii ina mpaka. Mama anayejua kwamba watoto wanamwogopa mwanamume huyo kwa vipigo vya kurudia, kisha akamrudisha nyumbani tena na tena bila kujali yanayowapata, anaweza kukutwa na hatia.

Usiende mahakamani peke yako. Kama huna uwezo wa kumlipa wakili, una haki ya kupangiwa mmoja. Mpe ripoti ya polisi, vyeti vya hospitali na jumbe za vitisho. Mwambie aombe amri ya ulinzi inayomtoa mume nyumbani, kwani kabla ya kuwaondoa watoto hakimu lazima apime kama hatari inaweza kupunguzwa kwa njia nyingine, na madhara ya kuwatenganisha nawe pia yahesabiwe. Wakichukuliwa kabla hujasikilizwa, omba warudishwe chini ya kifungu cha 1028. Ombi hilo husikilizwa ndani ya siku 3 za kazi za mahakama.