Re: Anasema ameshika yote, mtihani ukifika hana kitu

Habari mzazi mwenzangu. Umeuliza utajuaje kama binti yako wa miaka 15 ana shida ya kumbukumbu au anajiamini tu kwamba ameshika. Hivyo ni vitu viwili, vipime mbalimbali. Kwanza angalia usingizi, kama kalala masaa 5 usipime chochote siku hiyo.

Mimi kwa wangu nilimsomea maneno 15 ya kawaida, ndoo, shati, mvua, hivyo hivyo, nikamwambia aandike atakumbuka mangapi, akaandika 13, nikamwacha afanye mambo mengine nusu saa ndo nikamuuliza, yakatoka 7. Akaitazama ile 13 yake kimya, roho iliniuma kweli. Ila pale ndo nikajua anakosea kujikadiria. Sasa hivi akisoma anafunga daftari, anasubiri kidogo, ndo anakadiria. Wanasaikolojia Nelson na Dunlosky walilionyesha hili mwaka 1991, makadirio ya baada ya muda yanakaribia ukweli kuliko ya papo hapo.

Rudia siku nyingine kwa maneno mapya, mara moja haitoshi. Na kama usahaulifu umeanza ghafla au baada ya kugonga kichwa, achana na maneno 15, mpeleke kwa daktari.