Maswali ya Wasomaji: Selene au Artemis, Nani Mungu wa Mwezi?

Swali: Mhariri, mwanangu wa kidato cha pili aliulizwa katika chemsha bongo ya shule amtaje mungu wa kike wa mwezi wa Wagiriki wa kale. Alijibu Selene, akakoseshwa kwa kuwa jibu lililotakiwa ni Artemis. Naona hata Wamarekani wameuita Artemis mpango wao wa kurudi mwezini. Ukweli ni upi? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Mwanao alistahili alama zake. Selene ndiye mwezi wenyewe, ilhali Artemis ni mungu wa mawindo aliyekabidhiwa mwezi baadaye sana.

Hesiod, aliyetunga nasaba ya miungu yapata mwaka 700 K.K., anamtaja Selene kuwa binti wa Hyperion na Theia, na ndugu wa Helios, ambaye ni jua, na Eos, ambaye ni alfajiri. Kila usiku hulikatiza anga kwa gari linalokokotwa na farasi. Mmoja wa farasi hao tunaye hadi leo: kichwa chake cha marumaru, kilichochongwa katika miaka ya 430 K.K. kwa ajili ya pembe ya paa la mashariki la hekalu la Parthenon mjini Athens, sasa kimo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Katika pembe ya pili ya paa hilo farasi wa Helios walikuwa wakichomoza wakiwa na nguvu zao zote, lakini huyu wa Selene amekesha akivuta, macho yamemtoka, pua zimetanuka, kinywa kiko wazi, na taya lake lilichongwa lining'inie nje ya ukingo wa jengo. Mimi sijaona uchovu uliochongwa vizuri kuliko huo.

Hadithi yake mashuhuri ni ya Endymion, kijana aliyelazwa usingizi usiokwisha katika mlima Latmos, ulioko Uturuki ya leo, naye Selene akawa anamshukia usiku. Pausanias, msafiri wa karne ya 2, anasimulia kuwa walizaa mabinti 50, na wapo wasomi wanaoihusisha idadi hiyo na miezi mwandamo ipatayo 50 iliyopita kati ya michezo ya Olimpiki na ile ya Olimpiki iliyofuata.

Artemis wa Homer, mshairi wa kale wa Kigiriki, kwa upande wake, ana upinde, mishale na misitu, wala hana shughuli na mwezi. Aliyembadilisha ni pacha wake Apollo, kwa kuwa kuanzia karne ya 5 K.K. baadhi ya Wagiriki walianza kumhesabu Apollo kuwa ndiye jua, na dada mtu akavutwa upande wa mwezi. Warumi walilikoleza jambo hilo kwa Diana, waliyemlinganisha na Artemis. Mshairi wao Catullus anamwita Luna, jina la mungu wa mwezi wa Kirumi, mwenye nuru isiyo yake, ingawa Luna alikuwa na hekalu lake mwenyewe katika kilima cha Aventine, lililoteketea katika moto mkubwa wa Roma mwaka 64. Baadaye wachoraji wa Ulaya walimvika Diana hilali kichwani, na nadhani chemsha bongo ya mwanao imetokea huko.

NASA, shirika la anga la Marekani, walikuwa na sababu nyepesi zaidi. Watu walifika mwezini mwaka 1969 kwa mpango wa Apollo, hivyo mpango mpya ukapewa mwaka 2019 jina la pacha wake. Selene naye hakutoka mikono mitupu, kwani elementi ya seleniamu, iliyogunduliwa Uswidi mwaka 1817, inaitwa kwa jina lake.

Swali: Je, mataifa yote ya kale yaliuona mwezi kuwa mwanamke? (Msomaji, Mombasa)

Jibu: Hapana. Kwa Wamisri mwezi ulikuwa wa Khonsu na Thoth, wote wanaume, na kwa Wajapani ni wa Tsukuyomi. Katika mji wa Ur, Iraq ya leo, mwezi alikuwa Nanna, mungu dume aliyelizaa jua. Hata hivyo, kuhani mkuu wake katika karne ya 23 K.K. alikuwa mwanamke, Enheduanna, binti wa mfalme Sargon, na sahani ya jiwe jeupe inayomwonyesha akiwa ibadani ilifukuliwa huko Ur katika miaka ya 1920.