Biashara Imehamia Chumbani, Nifanyeje?

SWALI

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Kisauni, Mombasa, na huu ni mwaka wa pili nauza mahamri na mbaazi nyumbani kwangu. Msimu wa maembe ukifika huongeza na achari. Nyumba yetu ina vyumba viwili na ukumbi mdogo, na mavyaa wangu anaishi nasi, kwa hivyo tuko watu 6. Kila usiku nakanda kilo 4 za unga na alfajiri naanza kukaanga, lakini wateja hawaishii asubuhi: wako wanaopiga hodi saa nane mchana mavyaa akiwa amejinyoosha, na wengine huja saa tatu usiku kuweka oda ya kesho. Ndoo za achari ziko chini ya kitanda, na gunia la mbaazi limeziba nusu ya mlango. Mume wangu, ambaye hufanya kazi ya zamu bandarini, asema nyumba imegeuka soko, nami sioni faida ya kumwonyesha ili nimjibu. Je, nikodi kibanda barabarani?

Mama Watatu, Kisauni

JIBU

Marahaba, mwanangu. Kibanda kiache kwanza, kwa kuwa kodi yake utailipa uuze usiuze, na wakati huohuo utakuwa umewaacha watoto na mavyaa nyumbani bila mtu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na taabu ninayoiona ndani yake ni kwamba biashara yako haina saa ya kufungua wala ya kufunga, ndiyo maana imeingia hadi chini ya kitanda.

Marehemu mama yangu aliuza vitumbua Majengo, dirishani, kwa miaka mingi. Alipomaliza, alitundika leso kuukuu kwenye nondo za dirisha, na leso ikishatundikwa hapakuwa na kitumbua hata kwa jirani wa mlango wa pili. (Jina la leso ile limenitoka, nalo lilikuwa kali.) Watu walinung'unika siku za mwanzo, kisha wakaizoea, na mtoto aliyetumwa akiiona tokea mbali alirudi kwao bila kupiga hodi. Nawe chagua dirisha moja, uuze hapo kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu asubuhi, na oda za kesho zipokelewe kwa simu mwisho saa kumi na mbili jioni, kabla hujapima unga. Anayepiga hodi saa nane mchana mjibu kwa upole kwamba mahamri ni ya asubuhi, na usimpe hata kama yamebaki mawili, kwa sababu ukimpa leo atarudi kesho saa hiyohiyo pamoja na mwenzake.

Kuhusu nafasi, sidhani nyumba yako inaweza kubeba mahamri na achari kwa pamoja mwaka mzima. Achari ifanye wakati wa kaskazi tu, maembe yanapojaa soko la Kongowea na jua la kuyaanika likiwa la uhakika, kisha uiuze yote kabla ya masika, wala usianze ndoo mpya. Mbaazi nunua za wiki moja badala ya gunia. Utalipa zaidi kidogo kwa kilo, lakini utaupata mlango wako. Karai la mafuta nalo lisiwe katika njia wanayopita watoto wakijitayarisha kwenda shule, na mtungi wa gesi ukae mahali penye hewa. Hili sitaki ulijadili na mtu.

Sasa faida. Nakuuliza: asubuhi nyumbani kwako mnakula nini? Bila shaka ni mahamri hayohayo. Watu 6 wakila mawili mawili ni mahamri 12, na ukiuza moja kwa shilingi 10, hizo ni shilingi 120 kila siku. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 3,120. Sisemi watoto wasile, ila iandike katika daftari kama bei ya chakula cha nyumbani, na fedha hiyo itoke katika matumizi ya nyumba iingie katika biashara. Andika pia gesi, iliki, nazi, na kila mtungi wa maji unaonunua kwa mwenye mkokoteni mfereji ukikauka. Malipo ya wateja yapokee katika Pochi la Biashara la M-Pesa, ambalo liko kwenye laini yako lakini halichanganyi pesa za mauzo na zako binafsi. Baada ya miezi miwili mfungulie mumeo daftari hilo, naye asome mwenyewe.

Kwa upande wa sheria, anayeandaa chakula cha kuuza hutakiwa kuwa na cheti cha afya, na kipimo chake hurudiwa kila baada ya miezi 6. Kibali cha biashara kiulizie katika ofisi za Kaunti. Ushuru wa mauzo, ambao Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliufanya kuwa asilimia 3, unawahusu wanaouza zaidi ya shilingi milioni 1 kwa mwaka, nawe kwa kilo 4 za unga hujafika huko.

Limebaki la mavyaa. Hodi za mchana zinamsumbua yeye zaidi kuliko wewe, lakini hujaniambia kama umewahi kumuuliza angependa iweje. Huenda akapenda kukaa dirishani asubuhi kupokea wateja, maana wengi wao nadhani aliwajua kabla yako. Mwendee mwenyewe, si kupitia kwa mumeo, baada ya alasiri akiwa na kikombe chake cha kahawa.