Usitume hela ya dume huyo, uliza daftari la kumbukumbu kwanza

Mkuu uliyetuandikia kutoka Bahi, hiyo hela usiitume. Umeandika kwamba unauza maksai wako wote mnada wa Msalato ili ununue dume la Simmental (ng'ombe wakubwa wa asili ya Uswisi) la kupanda mitamba yako ya Kigogo, kwa sababu muuzaji ana karatasi ya vinasaba (DNA) na amekuhakikishia kuwa "vinasaba havidanganyi". Maneno hayo hayo niliambiwa mimi, na yalinimalizia mitamba niliyoitegemea iwe msingi wa zizi langu.

Dume wangu alikuwa anapendeza, sibishi. Mgongo mpana, ngozi inang'aa, kalishwa mashudu ya alizeti na pumba mpaka kavimba. Alitokana na mbegu ya uhimilishaji, yaani ya kupandikiza kwa mrija, na karatasi yenyewe ilikuwa ya baba yake aliyeko Marekani. Dalali akaweka kidole kwenye safu ya uzito wa kuzaliwa: "Ona namba ilivyo juu, huyu anazaa mabonge." Nikalipa. Sasa fikiria: ndama wa Kigogo anazaliwa na kilo 20 hivi, ndama wa Simmental safi anafika 40. Kwa mwenye mitamba midogo, hiyo ndiyo namba ya kuikimbia!

Mtamba wa kwanza alishikwa na uchungu jioni. Alfajiri kwato mbili za mbele zilikuwa nje, ulimi wa ndama umevimba na kuwa wa bluu, kichwa kimekwama kwenye nyonga. Daktari wa mifugo akaja na kamba, tukavuta kwa zamu kila mtamba aliposukuma. Ndama alitoka amekufa. Mama yake hakuinuka tena, miguu ya nyuma iligoma kabisa, tukamchinja hapo hapo. Wengine wakafuata njia hiyo hiyo msimu ule ule. Nilipompigia dalali, akanijibu kwamba ng'ombe wangu ni dhaifu. Huyu mtu alifika zizini kwangu, akawaona kwa macho yake, akajua wanavyolingana, na bado akaniuzia! Mpaka leo nikikumbuka damu inachemka.

Kipimo cha vinasaba hakina kosa lolote, kosa ni la wanaokitumia kama hirizi. Maabara inasoma maelfu ya alama kutoka kwenye mizizi ya nywele za mkia, inazilinganisha na ng'ombe ambao uzito, ukuaji na uzazi wao umeshaandikwa. Kama walioandikwa ni Simmental wa Marekani, jibu ni la Simmental wa Marekani. Halisemi chochote juu ya ng'ombe anayetembea kutwa kutafuta maji mwezi wa kumi, mwenye kupe masikioni. Zile namba za uzito ziko kwenye ratili, si kilo, na zinamlinganisha dume na ng'ombe walioko kwenye hesabu ile ile tu, kwa hiyo hazikuambii kama anamshinda Boran, ng'ombe wa nyama wa Afrika Mashariki. Pembeni kuna safu ya uhakika, kuanzia 0 hadi 1. Dume kijana ambaye hajapata watoto waliopimwa, uhakika wake uko chini. Na karatasi ikiwa ya baba, kumbuka mtoto amechukua nusu tu, na haijulikani nusu ipi.

Kiangazi kilipofika, yule dume akabaki mbavu. Majani makavu hayakumtosha.

Kwa hiyo shika hili moja: usinunue dume ambaye mama yake na ndugu zake hawakupimwa kwenye malisho yanayofanana na yako. Dume mmoja akipanda ng'ombe 25, nusu ya damu ya ndama wote wa mwaka huo ni yake. Muulize muuzaji mama alizaa tarehe ngapi, akarudia kuzaa lini, ndama walizaliwa na kilo ngapi, waliachishwa na ngapi. Asiyekuwa na tarehe anakuuzia unene wa mashudu tu.

Tarehe ni muhimu kuliko macho. Chukua ndama wawili wa msimu mmoja na malisho mamoja, wote walizaliwa na kilo 20. Mmoja ana kilo 120 na siku 240, mwingine ana kilo 105 na siku 180. Mnadani kila mtu atamshika yule mkubwa. Sasa toa uzito wa kuzaliwa, gawanya kwa siku, zidisha kwa 205 (umri wa siku unaotumika kulinganisha ndama wakati wa kuachisha), rudisha uzito wa kuzaliwa. Wa kwanza anapata kilo 105, wa pili 117. Mdogo ndiye mkuaji! Huna mizani, tumia utepe wa kuzungushia kifua, ila utepe ule ule kwa wote.

Na kwa nini uende mbali? Ranchi ya Kongwa wana Boran, na Mpwapwa kuna ng'ombe waliotengenezwa hapa hapa kwenye ukame wetu, damu ya Sahiwal na Sindhi, ng'ombe wa Bara Hindi, ikichanganywa na ya kwetu. Huko pia dai daftari, usione jina ukalegea.

Maswali yako mengine, la nyasi na la kisima, wenzangu humu watakujibu. Mwambie huyo muuzaji akupigie picha kumbukumbu za mama wa dume usiku huu, uziweke hapa tuzikokotoe wote kabla hujafungua simu ya kutuma pesa.