Almasi Hukatwa kwa Kitu Gani?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni sonara hapa Lamu mjini. Ikiwa almasi ni ngumu kupita mawe yote, huchongwa kwa kitu gani? – Msomaji, Langoni

JIBU: Ndugu sonara, huchongwa kwa almasi yenyewe. Fundi hupaka unga wa almasi uliochanganywa na mafuta ya zeituni juu ya gurudumu la chuma linalozunguka kwa kasi, kisha huligandamiza jiwe hapo. Nalo husagika kwa kuwa ugumu wake haulingani pande zote, ilhali miongoni mwa chembe za unga, zilizolala ovyo, daima zipo zilizoelekeza upande ulio mgumu zaidi. Kupasua ni kazi nyingine, ya bapa la chuma na pigo moja, na ndivyo fundi Joseph Asscher alivyoipasua almasi ya Cullinan, yenye karati (kipimo cha uzito wa vito) 3,106, huko Amsterdam mwaka 1908.

Mng'aro, lakini, ni hesabu tupu. Mhandisi Marcel Tolkowsky alionyesha mwaka 1919 kwamba nyuso za chini zikiinama takriban nyuzi 41, nuru iingiayo juu hurudi juu. Jiwe likichongwa bapa mno, nuru huvujia chini. Mteja akilalamika kuwa pete imefifia, ioshe kwanza kwa maji ya sabuni, maana almasi hunasa mafuta upesi.