Maswali yenu: Kanga, leso na ubishi wa jina

Kanga ya kuvaa na kanga ndege, ni kweli jina ni moja? (Msomaji, Morogoro)

Swali hili naletewa kila mara, na muulizaji huwa tayari amenakili jibu mahali. Wengi wetu Pwani tumekua na maelezo hayo: kanga za mwanzo, mwishoni mwa karne ya 19, zilikuwa na vidoa vyeupe kwenye kitambaa cheusi, kama manyoya ya kanga. Nayakubali, maana yanaanzia kwenye nguo yenyewe. Ninachokataa ni ule mkia uliobandikwa, eti wanawake wakikusanyika hupiga kelele kama ndege hao. Hayo ni matusi kwa mama zetu. Walimu, msiwafundishe watoto.

Mbona sisi Mombasa twaita leso? (Msomaji, Mvita)

Kwa sababu leso ilitangulia. Kireno ni *lenço*, kitambaa cha mkononi, na hadi leo ukiomba leso Dodoma utapewa ya kufutia jasho. Leso za rangi zilikuja madukani zikiwa jora zima, hazijakatwa. Wanawake wa Pwani na Unguja wakawa wananunua sita kwa pamoja, wanazikata tatu tatu, kisha wanashona vipande hivyo viwili ubavu kwa ubavu, inatoka nguo moja ya kujifunga. Panga leso sita sakafuni, safu mbili, utaliona umbo la upande wa kanga. Wafanyabiashara walipoona zinapendwa, wakaagiza vitambaa vilivyochapwa upande mzima. Basi vazi hili lilibuniwa na wanawake wenye sindano mkononi, na neno leso ndilo shahidi wao. Msikubali kuambiwa mnakosea.

Nasikia limetokana na kitenzi "kukanga", yaani kufunga. (Msomaji, Bukavu)

Kwenu huko Kilingala kinasema *kokanga* kwa kufunga, na wapo wanaoshikilia kwamba Kiswahili cha kale kilikuwa na neno kama hilo. Hoja si ya kutupa: kanga hufungwa. Lakini kaniki, ile nguo nyeusi ya wanawake, nayo ilifungwa, na haikuitwa kanga. Hapo ndipo inaponikwamia.

Kanga au khanga? (wengi mno)

Kanga. Hiyo *h* ni pumzi inayosikika katika Kimvita, si *kh* ya "khofu".

Merikani nayo ni aina ya kanga? (Msomaji, Tabora)

Hapana. Merikani ni pamba isiyotiwa rangi iliyoletwa Unguja na meli za Salem, Marekani. Jina lake halina ubishi. Na jamani, kitenge kisicho na pindo wala jina, yaani msemo ulioandikwa juu yake, si kanga, hata muuzaji akiapa.

Bibi ameniachia kanga yenye maandishi ya Kiarabu. Naweza kuishonea foronya? (Msomaji, Tanga)

Usiiguse na mkasi, mwanangu! Herufi ni za Kiarabu, lakini huenda lugha ni Kiswahili kitupu. Kanga nyingi za zamani ziliandikwa jina lake hivyo. Mpelekee mzee aliyesoma chuo cha Kurani akusomee. Usiianike juani, wala usiifue kwa sabuni kali. Ifunge ndani ya shuka safi. Halafu keti na mama yako akueleze bibi aliivaa siku gani, na jina lile alimlenga nani.