ECG yako safi haimaanishi pampu ni nzima

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili. Umepimwa ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ukaambiwa moyo hauna shida, lakini ngazi za ghorofa mbili bado zinakutoa pumzi. Sasa daktari anataka ufanye eko (altrasaundi ya moyo), halafu utembee kwenye tredmili, ile mashine ya kutembelea, na unahisi unazungushwa. Unauliza kama hakuna kipimo kimoja cha kumaliza kazi bila kuingiziwa mrija kwenye mshipa.

Hakuna, na wala huzungushwi. Mimi si daktari, ni mgonjwa tu niliyepimwa mpaka nikaizoea baridi ya ile jeli wanayopaka kifuani kwenye eko. Nakupa yaliyonikuta.

Kwangu ilianzia kwenye kamba za viatu. Nikiinama kuzifunga, nikiinuka nahema kama mtu aliyetoka kubeba magunia. Nilikwenda kupimwa mara tatu. Mara zote nilibandikwa elektrodi kumi, nne mikononi na miguuni, sita kifuani, karatasi ikatoka na vilima vyake, nikaambiwa iko safi, nipunguze mawazo. Na kweli ilikuwa safi. ECG inasoma umeme wa moyo: mapigo yanaanzia wapi, yanapita njia gani, yanachelewa wapi. Tena inasoma sekunde kama kumi tu. Fundi umeme anaweza kukuapia kuwa nyaya za nyumba hazina tatizo, na asiwe mwongo, huku bomba linavuja jikoni.

Aliyenishtukia hakutumia umeme. Alikuwa daktari kijana, akaniambia nivue shati (waliotangulia walisikiliza juu ya shati, nikaona ndivyo inavyofanywa), nilale ubavu wa kushoto. Akaweka stethoskopu chini ya chuchu, akaisogeza polepole hadi kwapani. Akanyamaza. Akarudia tena. "Kuna mvumo hapa, sauti ya damu isiyo ya kawaida, unafuata mpaka kwapani." Kifaa hicho kilianza mwaka 1816, daktari Mfaransa Laennec alipokunja karatasi ikawa bomba ili asikilize kifua cha mgonjwa. Miaka zaidi ya 200 baadaye kikaona ambacho karatasi tatu za ECG hazikukiona.

Hapo ndipo nikapelekwa eko, na hapa naomba unisome taratibu, maana ndipo wengi tunapodanganyika.

Eko ni altrasaundi ya moyo. Daktari Edler na mwanafizikia Hertz waliianza kule Lund, Sweden, mwaka 1953 kwa mashine ya kutafuta nyufa kwenye vyuma. Unalala ubavu, kifaa kinakandamizwa katikati ya mbavu (wengine wanakandamiza kwelikweli, vumilia), na unauona moyo wako ukicheza kwenye skrini. Kisha mpimaji anawasha Doppler, kipimo cha mwendo wa damu, na damu inapata rangi: inayokuja kwenye kifaa ni nyekundu, inayokwenda mbali nacho ni bluu. Nikaona kila moyo unapokaza, mwali wa bluu wenye madoa ya njano unaruka kwenda chumba cha juu. Hata mimi nisiyesomea nilijua ule hauelekei kunakotakiwa.

Karatasi ya majibu ikaandikwa EF 64. Nilikuwa nimeshasoma kuwa EF ni asilimia ya damu ambayo chumba cha chini cha kushoto kinaitoa kwa pigo moja, na kwamba kuanzia 55 mpaka 70 ni nzuri. Nikatoka natabasamu.

Tabasamu liliisha baada ya MRI ya moyo. Hiyo inatumia sumaku, haina mionzi, unalala ndani ya bomba unaambiwa "vuta pumzi, toa, shikilia" hadi unachoka. Faida yake ni kwamba inapima ujazo wa chumba vizuri kuliko eko, na inapima pia damu inayopita kwenye aota, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni kwenda mwilini. Daktari akaniandikia hesabu nyuma ya karatasi, bado ninayo. Chumba kikijaa kina mililita 190. Kikikaza kinabaki na 68. Zimetoka 122, na 122 kwa 190 ni asilimia 64. Safi kabisa. Lakini aota imepokea 56 tu. Nyingine 66 zimerudi juu kupitia valvu ya mitrali, mlango kati ya chumba cha juu na cha chini cha kushoto, iliyokuwa haifungi, kuelekea mapafuni.

Kwa hiyo EF ilisema kweli na ikanidanganya hapohapo. Inahesabu damu iliyotoka chumbani, haiulizi imekwenda wapi. Ndiyo maana kwa mwenye valvu ya mitrali inayovuja sana, madaktari huanza kuhesabu EF ya 60 kuwa dalili mbaya, wakati kwa mtu mwingine ni ya kujivunia.

Na kwa nini nikikaa nilikuwa mzima? Hesabu ileile inajibu. Moyo wa kawaida unatoa kama mililita 70 kwa pigo. Kwa mapigo 72 ni lita 5 kwa dakika. Wangu ulikuwa unapeleka 56, lakini ukipiga mara 90 nikiwa nimekaa tu. Zidisha: lita 5. Deni lilikuwa linalipwa kwa mapigo. Kiti hakiwezi kukufichulia jambo hilo, lazima mwili udaiwe zaidi.

Ndiyo kazi ya tredmili yako. Wengi wanatumia utaratibu wa Bruce: unaanza kilomita 2.7 kwa saa kwenye mwinuko wa asilimia 10, na kila dakika tatu mashine inaongeza kasi na mwinuko. Hatua ya kwanza nilimdharau mpimaji. Ya pili, kilomita 4 kwa saa na mwinuko wa asilimia 12, sikufika mwisho wake. Nikalazwa haraka kitandani, eko ikapigwa kabla mapigo hayajashuka, na presha ya upande wa mapafu ilikuwa imepanda. Vaa viatu vya kufunga, si ndala, na usijikaze kiume. Ukiona kizunguzungu au kifua kinabana, sema palepale. Hicho nacho ni jibu.

Vingine navipitia haraka. Mashine ya presha inapima presha, si nguvu ya pampu, na mkanda mdogo kwenye mkono mnene unakupa presha ya juu usiyo nayo. Holter, ECG ndogo unayotembea nayo saa 24, ni ya mapigo yanayoruka na kupotea. Kama lako ni kuhema tu, huenda usiihitaji. Saa ya mkononi inamulika taa kwenye ngozi na kuhesabu mapigo. Msiitukane sana. Yangu ilikuwa imeonyesha miezi mingi kwamba mapigo ya kupumzika yanapanda, mimi nikadhani imeharibika. Kuna na kipimo cha kupitisha umeme mdogo kifuani ili kukadiria damu inayosukumwa, lakini valvu ikivuja namba zake si za kutegemea.

Eko ya kurudia, jitahidi uifanye hospitali ileile, kwa mpimaji yuleyule ikiwezekana. EF inaweza kutofautiana pointi tano au zaidi kati ya wasomaji wawili bila moyo kubadilika. Na kama unahema hata ukilala, au umewahi kuzimia, usisubiri majibu ya humu, nenda hospitali leo.

Valvu yangu ilikarabatiwa. Eko ya baadaye ikaleta EF 54. Nikamfuata daktari nimenywea, pointi kumi zimekwenda! Akacheka. Zamani chumba kilikuwa na mlango wa nyuma wa kutupia mzigo bila kutumia nguvu. Sasa mlango umefungwa, damu yote lazima iende mbele, dhidi ya presha ya aota. Kamba za viatu nafunga huku naongea na simu.

Ukipata majibu yako yaweke hapa, futa jina kwanza. Usiweke EF peke yake: weka ujazo wa chumba, hali ya kila valvu, presha ya upande wa mapafu, na dakika ulizofikisha kwenye tredmili.